Magarimoshi ya Zamani: Pa Kuyaona Ukitokea Nakuru

Shule zikifungwa, wazazi wengi wa Nakuru hupeleka watoto ziwani kuona heroe na vifaru, wakarudi nyumbani. Wachache sana hukumbuka kwamba mji huu ulizaliwa na reli, na kwamba zile injini za mvuke ambazo babu zetu walizichochea moto na kuziendesha bado zipo. Ziko Nairobi, katika Makumbusho ya Reli. Ukiamka mapema unaweza kwenda kuziona na kurudi kulala kwako siku hiyo hiyo.

Jambo moja ulijue kabla hujafunga safari. Kule Nairobi utakuta injini na mabehewa. Milima ambayo reli ilibidi kuipanda iko huku kwetu, kuanzia Kijabe hadi Londiani na Timboroa. Ukienda makumbusho pekee umeona nusu ya habari, na nusu ya pili iko karibu na mlango wako.

Makumbusho yenyewe ni ya nani? Yalianzishwa mwaka 1971 na shirika la reli la Afrika Mashariki, siku zile Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa zikiendesha reli kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vyake, na makumbusho yakawa chini ya Shirika la Reli la Kenya. Yana ukumbi wenye picha, vyombo vya mezani vya treni, simu za upepo na saa za stesheni. Nje kuna uwanja ambao injini na mabehewa yamepangwa juu ya reli. Watoto hukimbilia uwanjani, na hawana makosa.

Kufika si kazi. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na matatu huchukua saa tatu hivi barabara isipofunga. Siku za kawaida nauli huwa kati ya shilingi 400 na 600. Wiki ya Krismasi au Pasaka hupanda sana, kwa hiyo usichague siku hizo. Ukishuka katikati ya jiji, elekea stesheni ya reli kwenye Barabara ya Haile Selassie, kisha uulize njia ya makumbusho. Yako upande wa Barabara ya Uhuru, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni. Weka simu ndani ya mfuko unapotembea, maana eneo lile lina msongamano. Kiingilio cha Mkenya ni pungufu ya hiyo nauli ya matatu. Watoto na wanafunzi hulipa pungufu zaidi, na wageni kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa zaidi. Hakikisha una pesa kwenye M-Pesa. Jaribu kufika kabla ya saa sita mchana ili upate muda wa kutosha, kwani jioni hufungwa. Walimu wanaoleta darasa zima waandike barua mapema na waombe mtu wa kuwaongoza, kwa sababu bila maelezo injini hizo ni chuma kilichopakwa rangi tu.

Ukishaingia, utajuaje unachokitazama? Anza na namba iliyo ubavuni mwa injini. Kwa injini nyingi za enzi ya Afrika Mashariki, tarakimu mbili za kwanza ni aina ya injini, na mbili za mwisho ni nafasi yake katika aina hiyo. Namba 5918, kwa mfano, ni injini ya 18 katika aina ya 59, na 3020 ni ya 20 katika aina ya 30. Mfundishe mtoto hesabu hiyo langoni, kisha umwache akusomee mwenyewe.

Hiyo 5918 ndiyo ya kusimama nayo muda mrefu. Jina lake ni Mount Gelai, mlima wa kaskazini mwa Tanzania, kwa kuwa injini zote za aina ya 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ziliundwa 34 huko Manchester, Uingereza, na kiwanda cha Beyer Peacock, katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu tani 250. Kwenye reli za upana wa mita moja, duniani kote hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi.

Itazame kwa upande. Utaona tangi la maji mbele, boila katikati, na tangi jingine nyuma. Boila ni lile pipa kubwa la chuma ambamo maji huchemshwa hadi yatoe mvuke wa kusukuma magurudumu. Chini ya kila tangi kuna seti yake ya magurudumu, na boila imelazwa katikati ya seti hizo mbili kama machela iliyobebwa na watu wawili. Kwenye kona, seti ya mbele huanza kukata kona, boila ikafuata, kisha seti ya nyuma. Ndiyo maana injini ndefu kiasi kile iliweza kupita kona kali za milimani bila kuacha reli. Mtindo huu huitwa Garratt, kwa jina la mhandisi Mwingereza aliyeubuni.

Inama kidogo utazame upana kati ya reli mbili. Ni milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Waingereza walichagua upana wa mita moja kwa sababu vifaa na mafundi vilikuwa vinatoka India, ambako upana huo ulikuwa umezoeleka. Tofauti hiyo ya upana ndiyo sababu treni ya SGR haiwezi kuendelea moja kwa moja hadi Nakuru juu ya reli ya zamani. Swali hili huulizwa sana, na hapo unaweza kulijibu kwa kidole.

Kuna pia 6006, mojawapo ya injini za aina ya 60, ambazo zilipewa majina ya magavana. Hii iliitwa Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Ile 3020 inaitwa Nyaturu, kwa heshima ya Wanyaturu wa Singida.

Usitoke kabla hujaona behewa la Ryall. Charles Ryall alikuwa mkuu wa polisi wa reli. Mwezi Juni mwaka 1900 alisimama Kima, upande wa Ukambani, akiwa na wenzake wawili, ili wamwinde simba aliyekuwa akiua watu stesheni pale. Usiku walilala ndani ya behewa, naye Ryall akashika zamu ya kulinda. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, na kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama upande, mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga mmoja aliyekuwa amelala sakafuni, akamshika Ryall, akatoka naye dirishani. Ukisimama karibu na behewa hilo utaona jinsi lilivyo jembamba. Hapakuwa na nafasi ya kukimbilia. Watu wengi huchanganya kisa hiki na cha simba wa Tsavo. Wale wa Tsavo walikuwa wawili, walisumbua kambi ya wajenzi wa daraja mwaka 1898 hadi wakapigwa risasi na mhandisi Patterson, na leo wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago, Marekani.

Visa vya simba ni vitamu, lakini kwa maoni yangu vimewafunika wajenzi. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ile, na karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa magonjwa. Waafrika waliobeba mizigo, kufyeka misitu na kuchimba tuta hawakuandikwa kwa uangalifu kama huo. Mwambie mtoto wako hilo pia, kwa maana injini haitamwambia.

Sasa turudi nyumbani. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwishoni mwa 1901. Kwa nini ilichelewa baada ya Nairobi? Jibu utaliona ukipanda matatu ya kupitia barabara ya chini, ya Mai Mahiu. Tazama ule ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Kijabe. Wahandisi walipofika ukingoni hawakuwa na njia ya kushuka mara moja, na kujenga njia ya mzunguko kungechukua muda. Kwa hiyo mwaka 1900 walitandika reli za muda zilizoshuka moja kwa moja, mabehewa yakawa yanateremshwa kwa kamba za chuma hadi sakafu ya bonde. Pale penye mteremko mkali zaidi, behewa lilipandishwa juu ya jukwaa lenye magurudumu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, ili mzigo ubaki sawasawa. Mtambo huo ulitumika hadi njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901.

Stesheni ya Nakuru unayoiona leo si ile ya kwanza. Hii ilifunguliwa mwaka 1957. Ingia uitazame kwa utulivu, si kwa kupita tu. Ukubwa wake una sababu. Mwanzoni njia kuu ilikwenda Kisumu, na mizigo ya Uganda ikapandishwa meli. Miaka ya 1920 ikajengwa njia mpya kutoka Nakuru kupitia Timboroa hadi Eldoret, na mwaka 1931 treni ikafika Kampala. Tangu hapo njia ya Kisumu ikawa tawi, na Nakuru ikawa njia panda.

Kutoka hapo una safari mbili za matatu. Ya kwanza ni ya Njoro, Elburgon, Molo hadi Londiani, ukifuata njia ya Kisumu. Inapita Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka kuelekea Muhoroni. Katika sehemu hiyo ya Mau, madaraja marefu 27 ya chuma yalijengwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company. Ya pili ni ya barabara ya Eldoret hadi Timboroa, ambako reli hupita mita 2,700 na zaidi. Beba sweta, hata kama Nakuru kuna jua.

Mambo ya kuzingatia ukiwa kando ya reli ni machache ila si ya mzaha. Usitembee katikati ya reli wala juu ya daraja: ni kosa kisheria, na treni za mizigo bado hupita bila ratiba unayoijua wewe. Ukitaka kupiga picha stesheni, mwone kwanza msimamizi, umsalimie, umweleze nia yako. Ukipiga kimyakimya, askari atakuja kukuuliza, na siku yako itaharibika bure.

Je, unaweza kusafiri kwa treni yenyewe? Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu kupitia Nakuru ilifufuliwa Desemba 2021, baada ya njia kukarabatiwa. Wakati huo nauli ya safari nzima ilikuwa shilingi 600 daraja la kawaida na 2,000 daraja la kwanza, ikiondoka Nairobi Ijumaa jioni na kurudi kutoka Kisumu Jumapili. Huduma hii husimama mara kwa mara, hasa mvua kubwa zikiharibu njia, kwa hiyo uliza stesheni ya Nakuru kabla ya kupanga chochote. Kumbuka pia kwamba hupita bondeni usiku. Kama unatafuta mandhari, matatu ya mchana itakufaa zaidi.

Limebaki la nyumbani. Familia nyingi za Nakuru, Gilgil, Molo na Londiani zilikuwa na mzee wa reli: dereva, fayamani, gadi au mlinzi wa geti. Katika masanduku yao bado kuna taa ya mkono, filimbi, kofia, cheti cha utumishi, tiketi za kadibodi. Usizisugue hadi zing'ae, kwa maana unafuta alama zake. Andika kwenye karatasi jina la mzee, stesheni alizofanyia kazi na miaka, uifunge pamoja na kitu hicho. Nyaraka zipige picha. Ukitaka kutoa vitu hivyo, wasiliana na makumbusho ya reli Nairobi, na udai hati inayoonyesha umetoa nini. Chuma cha njia ya reli, kama vipande vya reli, boliti au mataruma, usikiuze wala usikinunue. Ni mali ya umma, na Januari 2022 serikali ilifikia hatua ya kusimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu.

Na kama mzee wako bado yu hai, mkalie wiki hii ukiwa na simu ya kurekodi. Muulize alilala wapi Timboroa usiku wa baridi, nani alikuwa dereva wake wa kwanza, na mvuke uliisha mwaka gani katika kituo chake.