MOTO HAUPIGI HODI

Somo la kujadiliwa katika kikundi



Sisi wa Busia na Malaba tumezoea foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, mengine yamebeba mafuta. Kando ya barabara ndipo tunapofanyia kazi: hoteli zenye jiko la makaa, vibanda vya ushonaji, vinu vya kusaga, mafundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda kimoja kikishika moto, jirani naye hana usalama.

Tukumbuke usiku wa tarehe 17 Julai 2021 pale Malanga, Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Lori la mafuta liligongana na lori la maziwa. Watu wakaja na mitungi kuchota petroli, moto ukalipuka, na watu wengi wakafa. Walikuwa watu kama sisi, wenye shida ya shilingi. Saa ya hatari mtu hana nafasi ya kufikiri sana, hufanya lile alilozoea. Basi tuzoee mema mapema.

Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu alimweka mpiga tarumbeta karibu naye, na watu wakaambiwa wakiisikia wakusanyike hapo. Kila mtu alijua la kufanya kabla adui hajafika. Sisi nasi tufanye hivi:

1. TUKAGUE. Petroli isiwekwe karibu na jiko. Waya zilizochubuka zibadilishwe. Mlango usizibwe kwa magunia, wala usifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani.

2. TUGAWANE KAZI. Nani atagonga kengele? (Hata ringi ya gari iliyotundikwa yatosha.) Nani atazima umeme kwenye swichi kubwa? Nani atasaidia wazee, watoto na walemavu? Nani atapiga simu 999 au 112? Kila kazi iwe na watu wawili, maana mmoja anaweza kuwa ameenda sokoni.

3. TUCHAGUE MAHALI PA KUKUTANA, mbali na malori na nyaya za umeme. Hapo katibu ahesabu watu kwa majina.

4. TUWEKE VIFAA. Mchanga kwenye ndoo, na kikundi kikiweza, mtungi wa kuzimia moto. Maji yanafaa kwa mbao na nguo, lakini yakimwagwa juu ya petroli inayowaka moto husambaa. Umeme ukiwaka, usiumwagie maji kabisa. Moto ukizidi, acheni, tokeni. Penye moshi mwingi, tambaeni.

5. TUFANYE ZOEZI. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zinataka mahali pa kazi pafanye zoezi la moto angalau mara moja kwa mwaka. Sisi tunashauri kila miezi mitatu, kabla ya mkutano kuanza.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe mafuta, unga wala dawa ya meno.

Na jamani, mtu akishatoka asirudi kuchukua pesa wala cherehani. Cherehani tutachanga tununue nyingine. Mama wa watoto hatununui.

MASWALI YA KUJADILI
- Moto ukianza leo hapa tulipoketi, tutatokea wapi?
- Lori la mafuta likianguka karibu nasi, nani atawazuia vijana wasiende na mitungi?
- Zoezi letu la kwanza litakuwa siku gani?

Msiondoke kabla ya katibu kuandika tarehe hiyo.