Bei ya kofia ya viua

SWALI: Nashona kofia za viua kwa mkono, Unguja. Nikitaja bei, mteja hunionyesha kofia ya mashine. Nami hupunguza mpaka sibakiwi na kitu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, anza na daftari. Andika saa za kila kofia, kutoboa na kuzungushia uzi kila kiua, hata zile za usiku mbele ya televisheni. Tuseme kitambaa na uzi ni shilingi 12,000, na saa ni 60. Ukijilipa 2,000 kwa saa, kofia imekugharimu 132,000, na faida bado. Chini ya hapo unamlipa mteja avae.

Wa mashine mwache aende, hakuwa wako. Mwenye harusi ndiye wako. Mtajie bei, kisha nyamaza. Wengi wetu huharibu hapo: mteja hajasema neno, tushapunguza wenyewe. Kubembelezana bei ni ada yetu, basi acha nafasi ndogo tangu mwanzo. Akitaka nafuu zaidi, mpe kofia yenye viua vichache. Na usitie sindano kabla ya arubuni, nusu ya bei, hata akiwa binamu. Hasa binamu.