Madumu Tupu na Usalama wa Mashua

Mvuvi wa Dar es Salaam aendaye Kariakoo kununua kamba, nyavu na maboya hana budi kuongeza kitu kimoja: madumu tupu ya lita 20 yenye vifuniko visivyovuja. Kanuni ya Archimedes yatufunza kwamba kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyasogeza. Lita 20 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 20 na nusu hivi. Basi madumu matatu, yakifungwa imara chini ya mabao, huinua karibu kilo 60, na mashua iliyojaa maji husaidiwa kuelea. Wavuvi waishikilie, wala wasiiache. Hata hivyo, dumu halichukui nafasi ya jaketi okozi. Kila baharia avae lake.