Thailand: Mjue Mwenye Nyumba Kabla ya Kuipenda Nyumba

Anayejiandaa kuhamia Thailand huuliza kwanza habari za viza, kisha mtaa, kisha kama fleti ina bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba humkumbuka siku ya kusaini mkataba. Mpangilio huo umewagharimu wageni wengi fedha na usingizi, nami nashauri upinduliwe: mtafute kwanza mwenye nyumba, chumba kitafuata. Mtanzania aliyewahi kuhangaikia barua ya serikali ya mtaa ili afungue akaunti ya benki ataelewa upesi. Serikali ya Thailand nayo inataka kujua mgeni analala wapi, na isipojua, kila ofisi anayoingia humrudisha alikotoka. Tofauti ni kwamba kule hakuna mjumbe wa kukuandikia barua. Kazi ya kukutambulisha sheria imempa anayekulaza.

Sheria yenyewe ni ile ya Uhamiaji ya mwaka 1979. Kifungu cha 38 kinamtaka mwenye nyumba, msimamizi wake au meneja wa hoteli aiarifu serikali ndani ya saa 24 tangu mgeni afikie kwake. Fomu yake inaitwa TM.30, hujazwa hata mtandaoni, na haina malipo. Kinachotoka ni kipande cha karatasi kisichovutia jicho, chenye jina lako, namba ya pasipoti na anwani. Kitunze kama unavyoitunza pasipoti. Ukienda kuongeza muda wa kukaa, huduma inayolipiwa baht 1,900, ofisa anaweza kukiomba kabla ya kugusa karatasi nyingine yoyote. Bila hicho, cheti cha makazi hupatikana kwa shida, na cheti cha makazi ndicho kinachotakiwa ukiomba leseni ya udereva na, kwenye matawi mengi ya benki, ukitaka kufungua akaunti. Bila akaunti hujiungi na PromptPay, mfumo wa malipo ulioanza 2017 ambao leo muuza supu ya tambi kando ya barabara anautegemea kama mama lishe wa kwetu anavyotegemea M-Pesa: msimbo umebandikwa kwenye kabati la vioo, mteja anaelekeza simu, biashara imekwisha. Asiye nao anabaki na kadi ya nyumbani, na mashine za benki za Thailand hukata baht 220 au zaidi kila anapotoa fedha. Yote hayo yanaanzia kwa mtu mmoja aliyejaza fomu au aliyeipuuza.

Wapo watakaosema natia chumvi. Watasema kuna ofisi za mikoani ambazo haziulizi kabisa habari za TM.30, na ni kweli, utekelezaji hutofautiana ofisi hadi ofisi. Lakini hilo halimsaidii mgeni, maana hajui ataulizwa siku gani. Siku hiyo faini kisheria ni ya mwenye nyumba, ila anayerudishwa nyumbani na foleni yake yote ni wewe. Watasema pia kwamba masharti yalilegezwa mwaka 2020, hata anayesafiri nje na kurudi kwenye anwani ileile, akiwa na kibali cha kuingia tena, hahitaji kuripotiwa upya. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini inamfaa aliyekwisha kuripotiwa mara ya kwanza. Wengine huweka imani yote kwa mawakala wa viza. Wakala mwema anajua njia za ofisi na atakupunguzia foleni, lakini hawezi kumlazimisha mwenye nyumba anayeogopa kwamba fomu hiyo itawafikishia watu wa mapato habari za kodi anayopokea. Wakala anayedai ana njia yake ya kulimaliza hilo bila mwenye nyumba, mkimbie. Kuhusu hoteli, ni kweli huripoti zenyewe bila kuombwa, na kwa mwezi wa kwanza hoteli ndogo ni uamuzi wa busara. Itumie kama kituo cha kutafutia mwenye nyumba, si kama makazi.

Kipimo cha pili cha mwenye nyumba kiko ukutani, nacho ni mita ya umeme. Bangkok umeme hutoka kwa shirika liitwalo MEA, mikoani PEA, na bei yao kwa matumizi ya nyumbani imekuwa ikizunguka baht 4 kwa uniti. Majengo mengi ya vyumba vya kupanga hununua kwa bei hiyo na kumuuzia mpangaji kwa baht 7 au 8. Mgeni huiona namba hiyo kwenye mkataba na kuipita, kwa kuwa macho yake yako kwenye kodi. Ngoja Aprili ifike na joto lake lisilolalika bila kiyoyozi. Mtu anayetumia uniti 300 kwa mwezi atalipa baht 2,400 badala ya takriban 1,200, na tofauti hiyo ikiendelea mwaka mzima inazidi baht 14,000, ambayo kwa vyumba vingi vya kawaida ni kodi ya mwezi na ziada. Kanuni ya kumlinda mlaji iliyoanza 2018 ilimkataza anayepangisha vyumba 5 au zaidi kutoza umeme kupita bei ya shirika, lakini wapangishaji wengi wameendelea kutoza, kwa sababu wapangaji wengi hawaulizi. Wewe uliza swali moja tu: bili itatoka kwa shirika au kwa ofisi ya jengo? Mwenye nyumba anayejibu bila kuzunguka, na kukuonyesha bili ya mwezi uliopita, ameshakuambia mengi kuhusu namna atakavyokurudishia amana yako. Amana kwa kawaida ni kodi ya miezi miwili, juu ya mwezi mmoja wa kutangulizwa. Siku ya kuingia, piga picha ya mita hadi tarakimu zisomeke, kisha kila mkwaruzo wa sakafu, kila doa la godoro.

Kabla ya kutoa fedha, omba nakala tatu: kitambulisho cha mwenye nyumba, daftari la nyumba liitwalo tabien baan, na mkataba. Yeye atie saini nakala zake, nawe utie saini kila nakala ya pasipoti utakayotoa popote, maana nakala isiyo na saini ya mwenyewe ofisi za Thailand huihesabu kama karatasi tupu. Angalia na tarehe. Mkataba wa Kithai huandika mwaka wa Kibuddha, uliotangulia wetu kwa miaka 543, kwa hiyo 2568 ni 2025. Katika saa, Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana: kuanzia saa moja hadi saa tano usiku Wathai huhesabu kama sisi, na mwenye nyumba akikuambia mkutane song thum, yaani mbili ya usiku, ni saa mbili ileile yetu. Mchana hesabu zinaachana, basi usijiamini sana.

Kuhusu mtaa wa Bangkok, hukumu yangu ni fupi. Khao San imesifiwa kupita thamani yake, na Sukhumvit ya chini inakutoza kwa jina lake. Msafiri wa siku chache anayefuata chakula cha halali na lugha ya Kiarabu atafurahi Sukhumvit kwenye kichochoro (soi) cha 3, lakini anayeishi atafute Ramkhamhaeng, penye Waislamu wengi wenyeji, kodi ya chini, na mashua za mfereji wa Saen Saep zinazokuepusha na foleni mbaya ya barabara yake. Wafanyabiashara wa vito wanaokuja na tanzanite au rubi wakae Chanthaburi kwenyewe, kwenye soko la vito la mwisho wa wiki, badala ya kulipa kodi ya Silom, Bangkok.

Ukishatulia, kumbuka kuripoti anwani yako kila siku 90. Dirisha hufunguka siku 15 kabla ya tarehe na kufungwa siku 7 baada yake, na aliyechelewa akaja mwenyewe hulipa baht 2,000. Aliyeongezewa muda wa kukaa akitoka nchini bila kibali cha kuingia tena, cha baht 1,000, muda wake unafutika papo hapo uwanjani.

Kuna wanaokwenda Thailand bila kutafuta nyumba wala mwenye nyumba, kwa sababu wameahidiwa kazi pamoja na malazi. Kwao swali la anwani ni la uhai. Mwajiri wa kweli hukutumia karatasi za kuombea viza ya kazi ya kundi B ukiwa bado kwenu, kisha hukutafutia kibali cha kazi. Viza ya utalii hairuhusu kazi yoyote. Vijana wetu wameahidiwa kazi za mauzo na kompyuta Bangkok, wakapokewa uwanjani na dereva, wakasafirishwa saa kadhaa hadi Mae Sot na kuvushwa mto Moei kuingia Myawaddy, Myanmar, kwenye maboma ambamo watu hulazimishwa kwa kipigo kuwatapeli wengine mtandaoni. Februari 2025 mamia ya watu waliotolewa humo walirudishwa upande wa Thailand, Waethiopia na Wakenya wakiwemo. Basi muulize anayekuajiri: nitalala wapi, nyumba ni ya nani, na nani atajaza TM.30? Akikujibu kwamba utaonyeshwa ukifika, au akitaja Mae Sot, usipande hiyo ndege, hata kama tiketi amelipa yeye.