SOMO LA MWEZI: UHURU WANGU NA MTOTO WA JIRANI

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Wakorintho 8, Wafilipi 2:1-4



Wako wana wa kanisa letu waliokwenda kufanya kazi Marekani na kupata watoto huko. Mtoto anapofikia umri wa kuanza shule, mzazi hudaiwa cheti cha chanjo. Asiyetaka mwanawe achanjwe huomba msamaha, yaani ruhusa ya kumwandikisha shule bila chanjo. Katika majimbo mengi msamaha huo huweza kuombwa kwa sababu za dini. Basi swali lawafikia Waanglikana nao: je, imani yetu inatupa sababu hiyo? Tulitazame kwa utaratibu.

1. Misamaha ni ya namna mbili

Wa kwanza ni wa afya. Chanjo ya surua hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto anayetibiwa saratani ya damu, ambaye kinga ya mwili wake imeshuka sana, hapewi chanjo hiyo, maana yaweza kumdhuru. Daktari huandika hivyo, na shule humpokea. Mtoto huyu hana hiari.

Wa pili ni wa dini au dhamiri. Mtoto ni mzima, chanjo ipo, ila mzazi hataki.

Tushike neno hili: mtoto wa kwanza hulindwa na chanjo ya wenzake. Surua huenea kwa hewa, na virusi vyake vyaweza kubaki hewani hata saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ili ugonjwa ukose njia, yapasa watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Nafasi chache zinazobaki ni za wale wasioweza kuchanjwa. Mzima akizichukua, mgonjwa hana pa kujificha.

2. Dhamiri isidharauliwe

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1853 kwamba kila mtoto mchanga achanjwe ndui. Wazazi waliokataa walitozwa faini, na baadhi yao wakafungwa kwa kutolipa. Mwaka 1898 Bunge likawaruhusu wenye pingamizi la dhamiri. Tunajifunza kwamba nguvu peke yake haiondoi hofu.

Hofu nyingi za siku hizi zilikuzwa na makala ya daktari Andrew Wakefield, iliyotoka mwaka 1998 katika jarida The Lancet, ikidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Uchunguzi wa watoto wengi sana katika nchi kadhaa haukuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala ile, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Makala imefutwa, lakini hofu ingali ikitembea. Mzazi mwenye hofu hiyo asichekwe. Asikilizwe na kufundishwa.

3. Tutazame matunda

Mwishoni mwa mwaka 2014 surua ilizuka huko California, ikaanzia katika bustani ya michezo ya Disneyland. Mwaka 2015 jimbo hilo likapitisha sheria ya kufuta misamaha ya dini na dhamiri, likabakiza ule wa afya. Sheria ilipoanza kutumika mwaka 2016, idadi ya wanaoanza shule wakiwa wamekamilisha chanjo ikapita asilimia 95.

Jimbo la Texas huruhusu msamaha wa dhamiri. Katika wilaya ya Gaines, watoto wapatao 82 tu katika 100 walianza shule wakiwa na chanjo ya surua. Januari 2025 ugonjwa ukazuka. Kufikia Agosti, Texas ilikuwa imehesabu wagonjwa 762. Watoto 2 wa umri wa shule, wasiochanjwa, walifariki. Hatuyasemi haya ili kuwahukumu wazazi wao. Msiba ni msiba. Twayasema ili tujue gharama.

4. Neno la Mtume Paulo

Wakristo wa Korintho walijua kwamba sanamu si kitu, kwa hiyo walikuwa na haki ya kula nyama. Paulo hakubisha haki yao. Aliwauliza itamfanyia nini ndugu aliye dhaifu, na yeye mwenyewe akawa tayari kuiacha nyama kabisa. Kweli, udhaifu anaousema Paulo ni wa dhamiri, wala si wa mwili. Lakini kipimo ni kilekile: haki yangu hupimwa kwa yule itakayemwangukia.

Kanisa la Episcopal la Marekani, ambalo ni ndugu yetu katika Ushirika wa Kianglikana, lilitamka mwaka 2019 kwamba halitambui sababu yoyote ya dini ya kuwasamehe waumini wake chanjo. Kwa hiyo Mwanglikana anayejaza fomu asiseme kwamba kanisa lake ndilo lililomfundisha kukataa. Kama ni hofu, na aiite hofu, aipeleke kwa daktari na kumweleza mchungaji wake. Jina la Mungu lisiwe kifuniko cha mashaka yetu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

(a) Msamaha wa afya na msamaha wa dini vinatofautianaje?
(b) Ni haki gani tuliyo nayo ambayo ikitumiwa humuumiza aliye dhaifu?
(c) Tumsaidieje mzazi mwenye hofu bila kumwaibisha?
(d) Tukiandikiwa na mwana wetu aliye ng'ambo kuhusu jambo hili, tutamjibu nini?

Tuwaombee watoto wanaolindwa na majirani wasiowajua.