Somo la Mwezi: Kulea Watoto wa Mbwa na Kushirikiana na Jirani



Mbwa ni askari wa boma. Hulinda kuku, mbuzi na mahindi wakati wewe umelala. Lakini askari asiyetunzwa huweza kuwa adui wa nyumba. Somo hili nalijua kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mbwa wangu alizaa watoto watano. Mmoja nilimweka, nikampeleka kuchanjwa. Wanne niliwagawia jirani walipokuwa na umri wa mwezi mmoja tu, wala sikuwaambia neno juu ya chanjo. Mwaka uliofuata mmoja wao alishikwa na kichaa. Alimwuma ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe yule akafa. Akamwuma na mtoto mguuni. Bahati njema, mama yake alikuwa amesikia barazani jambo la kufanya. Aliosha jeraha kwa sabuni, akampeleka mtoto hospitali siku ile ile, akadungwa sindano zote. Leo yuko shuleni. Lakini mbwa yule alitoka mikononi mwangu.

Kulea

1. Mbwa huchukua mimba siku 63 hivi. Mtengenezee mama mahali pakavu, pasipo upepo wala viroboto. Mwongeze chakula, kwa maana ananyonyesha.

2. Watoto hufumbua macho wapatapo siku 10 hadi 14. Juma la tatu au la nne anza kuwapa uji mwepesi wenye maziwa. Baadaye wape ugali uliochanganywa na omena au mchuzi wa nyama, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Maji safi yawepo daima.

3. Minyoo hutoka kwa mama kabla watoto hawajazaliwa, na hata katika maziwa yake. Wape dawa ya minyoo wakiwa na majuma mawili, manne, sita na manane. Mama naye apewe. Kipimo cha dawa hufuata uzito, basi uliza ofisi ya mifugo.

4. Ukichinja kondoo au mbuzi, usiwatupie mbwa mapafu wala maini yenye malengelenge ya maji. Yachome, au yafukie chini sana. Mbwa akiyala hupata tegu, na mayai ya tegu huyo humwingia mtu na kumfanyia uvimbe tumboni.

5. Tangu juma la tatu hata la kumi na mbili, mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki. Katika siku hizo ashikwe kwa upole na watu wa nyumbani, awaone kuku, mbuzi na wageni. Mbwa aliyepigwa mawe utotoni huuma kwa hofu akiwa mkubwa.

6. Usimgawe kabla ya kutimiza majuma manane.

Chanjo

Katika Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na hakijaondoka. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuwaondolea watu ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Mpango huo hautafaulu bila wenye mbwa.

Mtoto wa mbwa achanjwe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya chanjo ya kijiji ikija mapema, peleka hata wadogo.

Chama cha wenye mbwa

Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kijiji chenye mbwa 20 kichanje 14 au zaidi. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo peke yake. Sisi tulianza wanne, tukikutana chini ya mti kila mwezi. Fanyeni hivi:

Chagueni karani mmoja mwenye daftari. Aandike kila mbwa, mwenyewe, rangi, na tarehe ya chanjo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha mwombeni afisa wa mifugo wa kaunti awapangie siku moja, penye dipu au uwanja wa shule. Kila mbwa aje amefungwa kamba, mkononi mwa mtu mzima. Atakayepewa mtoto wa mbwa apewe pia maagizo ya chanjo, na jina lake liingie daftarini.

Mbwa akiuma

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usitie masizi wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, kwa kuwa dalili zikishatokea karibu hakuna mtu aponaye. Mpashe habari afisa wa mifugo. Mbwa akitokwa na udenda na kushindwa kumeza, usitie mkono kinywani mwake ukidhani amekwamwa na mfupa.

Maswali ya kuzungumza na jirani

1. Kijiji chetu kina mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa?
2. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo mara ya kwanza lini?
3. Mtoto akiumwa leo jioni, sabuni iko wapi, na nani atampeleka hospitali?

Swali la tatu lijibuni leo, kabla ya kulala.