Masista Waliotoka Réunion

Ninyi mnaokaa hapa Miono mnaijua Mandera, misheni ya jirani zetu katika nchi ya Wazigua. Misheni ile ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1880, na walioianzisha hawakuwa mapadre peke yao. Walifuatana na Wakristo vijana waliotoka Bagamoyo, waume pamoja na wake zao. Habari za wale waume husimuliwa mara nyingi, kwa kuwa walijenga nyumba, walichonga mbao, walifyeka mashamba. Lakini wake zao, je? Nani aliwalea? Nani aliwafundisha sala, na kushona, na kumwuguza mgonjwa? Kwa kulijibu swali hili yatupasa kuvuka bahari hata kisiwa cha Réunion, upande wa mashariki ya Bukini.

Kisiwa kile kilikuwa cha Wafaransa, na utajiri wake ulikuwa miwa. Waliolima miwa walikuwa watumwa, na wengi wao, au baba zao, walichukuliwa Bukini na katika pwani hii yetu ya Afrika. Tarehe 20 Desemba 1848 ilitangazwa amri kwamba utumwa umekwisha, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru siku moja. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mtu aliyekuwa mtumwa jana hakuwa na shamba wala nyumba yake mwenyewe; mzee aliyechakaa kwa kazi hakuwa na wa kumtunza, na watoto hawakujua kusoma.

Palikuwa na mwanamke mmoja mzaliwa wa kisiwa kile, jina lake Aimée Pignolet de Fresnes. Jamaa zake walikuwa wenye mashamba, basi alikulia upande wa mabwana. Mwaka 1849, pamoja na Padre Frédéric Levavasseur, ambaye naye alikuwa mtoto wa mwenye shamba, alianzisha shirika la masista, likaitwa Mabinti wa Maria. Kazi yao ilikuwa kuwahudumia wale waliofunguliwa: kufundisha watoto, kutunza wazee, kuuguza wagonjwa na wakoma. Kama masista wote waliweka nadhiri tatu, yaani ufukara, useja na utii. Lakini walikuwa na jambo moja lililowatenga na wengi wa zamani zile. Mwanamke mweupe wa jamaa kubwa na mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa waliingia katika nyumba moja, wakavaa vazi moja, wakala chakula kimoja, wakaitana dada. Baadhi ya wenye mashamba walichukizwa sana. Kumpa mtu mweusi sadaka waliweza. Kuketi naye mezani lilikuwa neno jingine.

Mwezi wa Desemba mwaka 1860 masista sita wa shirika hilo walifika Unguja pamoja na Padre Armand Fava na wenziwe. Wakati huo Sayidi Majid alikuwa akitawala, na soko la watumwa lilikuwa wazi kila siku. Masista walifungua mahali pa kutibia wagonjwa, na wakaanza kuwalea wasichana waliokombolewa sokoni. Mwaka 1863 mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea misheni ile, naye Padre Antoine Horner akawa mkubwa wao.

Katika wasichana waliolelewa na masista, mmoja habari zake ziliandikwa, zikapigwa chapa kwa Kifaransa mwaka 1870. Jina lake Swema, Myao. Njaa iliingia kwao, mama yake, aliyekuwa mjane, akakopa mtama. Aliposhindwa kulipa, mwenye deni alimchukua mtoto akamwuza kwa msafara uliokuwa ukielekea Kilwa. Mama hakukubali kutengana naye. Aliomba afuatane na msafara, abebe mzigo kama hamali, ilimradi amwone mwanawe. Nguvu zikamwisha njiani, wakamwacha porini afe, na mtoto akasukumwa mbele. Swema alipofika Unguja alikuwa mifupa mitupu. Wakamdhania amekufa, au yu karibu kufa, wakamviringisha katika mkeka, wakamfukia juu juu. Kijana mmoja wa Réunion aliyepita usiku alisikia sauti ardhini, akamfukua, akampeleka kwa masista. Nao walimwuguza hata akapona.

Hayo si mwisho. Kitabu kinasimulia kwamba baadaye mtu aliyejeruhiwa aliletwa kwa masista atibiwe, na Swema akamtambua: ndiye mwenye ule msafara uliomwacha mama yake. Alitetemeka, akataka kukimbia. Sista alimwomba asaidie kumfunga vidonda. Hakuweza, kisha, baada ya kushindana sana na moyo wake, alirudi akamhudumia.

Nimewasomea watoto habari hii mara nyingi darasani, na kila mara hubishana. Siku moja msichana mmoja aliniuliza, “Mwalimu, kama asingalimsamehe, masista wangalimfukuza?” Sikuweza kumjibu upesi. Nadhani sivyo, maana walimwokota kabla hajajua hata jina la dini yao. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali niliyokuwa nimeyaandika ubaoni.

Mwaka 1868 mapadre walianza misheni ya Bagamoyo, na masista nao wakaja mrima. Taabu haikuchelewa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipita pwani na kuua watu wengi sana. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilivuma, ikaangusha majengo ya misheni. Wakajenga tena. Nyumba ya masista ya mwaka 1876 ingali imesimama, na siku hizi ni makumbusho.

Wasichana wa Bagamoyo waliamka alfajiri kwa sala. Walifundishwa dini, walishona, walifua, walipika, walilima. Na saa za jembe zilikuwa nyingi kuliko saa za kitabu. Walipokua waliozwa vijana wa misheni, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Sitaki kuwaficheni: hawakuwa na hiari nyingi katika mambo hayo. Tena watu wengine walilaumu kwamba kununua watoto sokoni ni kuwapa wauzaji faida, na lawama hiyo ina uzito. Lakini mtoto aliyekuwa pale sokoni hakuweza kungoja mkataba wa kulifunga, uliotiwa sahihi mwaka 1873 tu. Baada ya hapo watoto wengi waliletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi baharini.

Ndio hao walioingia bara na waume zao: Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera na mahali pengine. Kijiji cha Wakristo kilipoanzishwa, padre aliweza kuhubiri, na fundi aliweza kujenga. Lakini aliyekaa na mwanamke wa Kizigua mwenye mtoto mgonjwa, wakasemezana jikoni, alikuwa mke yule aliyelelewa Bagamoyo. Majina yao wengi hayakuandikwa vitabuni.

Na vazi la sista je, lilibaki la wageni? Mwaka 1937 Askofu Bernard Hilhorst alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista wa Moyo Safi wa Maria, ambao nyumba yao kuu iko Mgolole, karibu na Morogoro. Tangu wale sita washuke Unguja ilikuwa imepita miaka 77. Masista wa Mgolole hawakuhitaji mkalimani: walifundisha watoto wa nchi yao kwa lugha waliyoinyonya kwa mama zao.